Delta na wenzake: vinara wa msisimko ndani ya kiini

Kuisisimua protoni ni ghali. Hali ya kwanza ya msisimko wake, iitwayo Delta, ina tungamo la takriban megaelektronivolti 1232, ilhali protoni yenyewe ina 938. Tofauti ni 294. Kukisambaratisha kiini kizima cha heliamu-4, protoni mbili na nyutroni mbili kila moja ishike njia yake, hugharimu 28.3 tu. Kwa bei ya Delta moja unabomoa heliamu kumi na chenji inabaki.

Na bidhaa yenyewe haidumu. Andika sifuri, nukta, sifuri nyingine 23, kisha 56: hizo ndizo sekunde za uhai wa Delta. Katika muda huo hata mwanga huenda umbali unaolingana na nusu kipenyo cha heliamu-4, basi.

Enrico Fermi na wenzake walianza kuona dalili zake Chicago mwanzoni mwa miaka ya 1950, walipokuwa wakielekeza miali ya chembe ziitwazo pioni kwenye haidrojeni. Delta ziko nne, na yenye chaji ya +2 ndiyo iliyozua kizaazaa: ina kwaki (chembe zinazoijenga) tatu za aina moja, spini zote zimeelekea upande mmoja, jambo ambalo kanuni ya Pauli inalikataza. Ili kutatua hilo, mwaka 1964 Oscar Greenberg alipendekeza sifa ya ziada ya kwaki, ile inayoitwa leo rangi. Mwaka huohuo David Roper aligundua hali nyingine ya msisimko, yenye tungamo la 1440, ambayo wanadharia wameisumbukia kwa miongo kadhaa kwa kuwa ni nyepesi kuliko walivyotarajia.

Miongoni mwa viini, kwa ufukara dyutroni (protoni moja na nyutroni moja) haina mpinzani: imeshikana kwa megaelektronivolti 2.22 tu, wala haina hata hali moja ya msisimko iliyo thabiti.

Taji kubwa, kwa maoni yangu, ni la Delta isiyoonekana kabisa. Mwaka 1957 Wajapani Fujita na Miyazawa walieleza mchezo huu: nyukleoni (yaani protoni au nyutroni) ya kwanza huirushia ya pili pioni, ya pili hugeuka Delta kwa kitambo, kisha huirushia ya tatu pioni na kurudi ilivyokuwa. Hapo huzaliwa nguvu ambayo nyukleoni mbili peke yao hazina. Faida yake inapimika. Kiini cha triti, chenye protoni moja na nyutroni mbili, kimeshikana kwa 8.48, lakini ukipiga hesabu kwa nguvu za wawili wawili tu, hata zile bora kabisa, mara nyingi unaishia kati ya 7.6 na 8. Sehemu kubwa ya pengo hilo huzibwa na nguvu ya watatu.

Bado kuna mgombea mwenye utata. Mwaka 2011 watafiti wa Jülich, Ujerumani, walitangaza kitu chenye tungamo la 2380, pungufu kwa 84 ya Delta mbili zikijumlishwa. Wapo wanaokiona kuwa Delta mbili zilizokumbatiana, wapo wanaokiita kifurushi cha kwaki sita, na wapo wasiokubali kabisa kwamba ni chembe.