Kalamu ya Tete na Herufi Zilizosahaulika: Sanaa ya Mwandiko katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Utangulizi

Katika jamii nyingi zenye maandishi ya kale, kuandika hakukuwa njia ya kuhifadhi maneno tu. Kulikuwa pia malezi ya mkono, ya jicho na ya moyo. Mfano unaojulikana sana ni wa Japani. Msafiri anayezuru hekalu la Kibuddha la Saihō-ji, mjini Kyoto, kwa kawaida haendi moja kwa moja kwenye bustani yake mashuhuri. Hutakiwa kwanza kuketi, kushika brashi na kunakili maneno ya kitabu cha dini. Kazi hiyo ya kunakili huitwa shakyō, na sanaa ya mwandiko kwa jumla huitwa shodō, yaani "njia ya kuandika". Mgeni hahitaji kujua Kijapani. Anachohitajiwa ni utulivu.

Msafiri huyo huyo akifika Malindi au Kilifi ataonyeshwa bahari, magofu na misitu. Mara chache sana ataambiwa kwamba pwani hii nayo ina sanaa yake ya mwandiko, yenye kalamu yake, wino wake na adabu zake. La kusikitisha zaidi ni kwamba hata mwanafunzi wa Kiswahili wa chuo kikuu huenda asiambiwe. Makala haya yanakusudia kueleza sanaa hiyo ni ipi, zana zake ni zipi, jinsi herufi za Kiarabu zilivyobebeshwa sauti za Kiswahili, na kwa nini jambo hili linamhusu kila anayesoma fasihi ya lugha hii.

Ushahidi wa mawe na chokaa

Ushahidi wa kale wa mwandiko katika eneo hili haumo vitabuni bali makaburini na misikitini. Katika mji wa kale wa Gedi, kusini-magharibi mwa Malindi, kuna kaburi linaloitwa Kaburi la Tarehe. Jina hilo limetokana na mwaka ulioandikwa juu yake kwa Kiarabu: 802 wa Hijria, ambao ni sawa na mwaka 1399 wa Miladi. James Kirkman, aliyeanza kuchimbua magofu ya Gedi mwaka 1948, aliliona kaburi hilo kuwa nguzo muhimu ya kupimia umri wa sehemu nyingine za mji. Gedi iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024.

Ushahidi wa pili uko Mnarani, kwenye ukingo wa kusini wa mkono wa bahari wa Kilifi. Katika magofu ya msikiti mkubwa wa hapo, mihrabu na kuta zake zimepambwa kwa maandishi ya kuchongwa ambayo herufi zake zimesukwa na kupindwapindwa kama ukili. Uzuri wake hauna shaka, lakini usomaji wake umewashinda wataalamu kwa sehemu kubwa. Mchongaji aliipa sura ya herufi uzito mkubwa kuliko wepesi wa kusomeka. Hapo ndipo mwandiko unapovuka mpaka wa mawasiliano na kuwa sanaa kamili.

Zana na adabu zake

Zana za mwandishi wa pwani zilikuwa chache. Ya kwanza ni kalamu ya tete. Tete lililokauka hukatwa kwa kisu kikali, ncha yake ikachongwa mshazari na kupasuliwa kidogo katikati ili wino upite. Mkato huo wa mshazari ndio siri ya mwandiko wote: kalamu ikivutwa upande mmoja hutoa mstari mnene, na ikivutwa upande mwingine hutoa mstari mwembamba. Anayebonyeza kwa nguvu ili apate unene hajaielewa kalamu yake.

Ya pili ni wino. Wino mweusi ulitengenezwa kwa masizi yaliyochanganywa na gundi ya mti na maji, ukatiwa katika kidau. Inafaa kutaja kwamba wino wa jadi wa Kijapani, sumi, nao hutengenezwa kwa masizi na gundi, ingawa gundi yake hutokana na wanyama. Mataifa mawili yasiyojuana yaliufikia ufumbuzi mmoja, kwa kuwa masizi hayapaushwi na mwanga na gundi huyashika kwenye karatasi.

Ya tatu ni mahali pa kuandikia. Mwanafunzi wa chuoni, yaani shule ya Kurani, alianza kwa ubao. Aliandikiwa somo lake, akalihifadhi, kisha ubao ukaoshwa ili uandikwe tena. Karatasi ilikuwa ghali, kwani ililetwa na biashara ya Bahari ya Hindi, nyingi yake ikiwa imetengenezwa Ulaya. Hivyo iliwekwa kwa ajili ya misahafu, tenzi, barua na hati za mali. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne ya 18 na ya 19 kwa wanakili wake wa vitabu na misahafu.

Mbali na wino mweusi, kulikuwa na wino wa zafarani uliotumiwa kuandikia kombe: aya huandikwa ndani ya sahani, zikaoshwa kwa maji, na mgonjwa akanywa maji hayo. Katika kombe, mwandiko haukusudiwi kudumu hata kidogo. Maandishi ya Mnarani yamekaa ukutani kwa karne kadhaa. Ya kombe hayadumu hata siku moja. Yote mawili ni matunda ya elimu moja.

Adabu nazo zilikuwa sehemu ya zana. Anayenakili Kurani hutangulia kutawadha. Mwanafunzi huketi mkekani, chini ya mwalimu wake, na hakosoi herufi ya mwalimu kabla ya kuruhusiwa kuuliza.

Kipimo cha herufi

Msafiri anayetaka kujaribu mkono wake kwa kawaida hutarajia kuandika jina lake siku ya kwanza. Mafundisho ya hati za Kiarabu hayaanzi hivyo. Huanza kwa nukta, ile alama ya mraba uliosimama kwa pembe yake inayopatikana kalamu inapowekwa na kuvutwa kwa upana wa ncha yake. Nukta ndiyo rula ya mwandishi. Urefu wa alifu hupimwa kwa idadi ya nukta, na upana wa bee vivyo hivyo. Kanuni hii ya uwiano inanasibishwa na Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940. Kutokana na kanuni hiyo, herufi kubwa ya ukutani na ndogo ya kitabuni hulingana kwa umbo, maana kila moja hupimwa kwa kalamu iliyoiandika.

Baada ya nukta hufuata alifu, mstari mmoja uliosimama. Huenda mwanafunzi akaurudia mstari huo ukurasa mzima. Kazi hiyo humchosha mgeni mwenye haraka, lakini ndiyo inayomfunza kwamba mkono una mazoea yake ambayo lazima yavunjwe: kwanza kwenda kutoka kulia kwenda kushoto, pili kuiacha kalamu ifanye kazi bila ya kuisukuma.

Sauti za Kiswahili katika vazi la kigeni

Kwa mwanaisimu, jambo lenye uzito zaidi ni jinsi herufi hizo zilivyotumiwa kuandikia Kiswahili. Alfabeti ya Kiarabu ina herufi 28 na alama tatu za irabu fupi: fatha, kasra na dhumma. Kiswahili kina irabu tano. Kwa hiyo, katika mwandiko wa zamani, kasra ilisimamia /i/ na /e/, na dhumma ikasimamia /u/ na /o/.

Konsonanti nazo zilileta taabu. Kiarabu hakina /p/, /v/, /ch/ wala /ng'/. Waandishi wa kale walizigawia herufi zilizokuwapo kazi zaidi ya moja. Bee iliandika /b/, /p/ na /mb/. Fee iliandika /f/ na /v/. Shini iliandika /sh/ na /ch/. Ghaini iliandika /gh/, /g/ na /ng'/. Nazali iliyotangulia konsonanti mara nyingi haikuandikwa.

Tuchukue mfano mmoja. Neno lililoandikwa kwa bee yenye fatha na alifu, likafuatwa na tee yenye fatha, laweza kusomwa bata, pata au mbata. La kwanza ni ndege, la pili ni kitenzi, na la tatu ni nazi iliyokauka. Vivyo hivyo, maandishi yaleyale yanaweza kusomwa pima, pema au bima. Msomaji wa zamani hakutatizika sana, kwa sababu aliijua lugha, akaujua utenzi wenyewe kwa masikio, na akasaidiwa na vina na mizani. Maandishi yalikuwa ukumbusho wa sauti aliyokwisha kuisikia. Anayetatizika ni msomaji wa leo, ambaye hakuisikia sauti hiyo.

Juhudi za kurekebisha upungufu huu zilifanywa na Waswahili wenyewe. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alitumia alama za ziada ili kutofautisha sauti za Kimvita. Ni yeye aliyemkusanyia na kumfafanulia mmishonari William Taylor mashairi ya Muyaka bin Haji. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947) naye aliitetea hati hii na kuitumia. Mwaka 1997, Sheikh Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl walichapisha mapitio ya historia yake pamoja na mapendekezo ya kuikamilisha. Marekebisho ya aina hii huongeza, kwa mfano, nukta tatu chini ya bee ili kupata /p/, kama ifanyavyo hati ya Kiajemi.

Rabai na njia panda

Ni jambo la kutafakariwa kwamba hati iliyokuja kuipiku ile ya Kiarabu ilipata makao yake ya mwanzo katika eneo hili hili. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianzisha pamoja na Johannes Rebmann kituo cha misheni Rabai mwaka 1846. Rabai leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Krapf alijua vyema kwamba Waswahili walikuwa na maandishi yao, lakini katika sarufi yake ya mwaka 1850 alitumia herufi za Kirumi. Sababu zake hazikuwa za kiisimu peke yake. Alichelea pia kwamba hati ya Kiarabu ingeupanulia Uislamu mlango barani.

Hata hivyo, Krapf huyo huyo alipeleka Ujerumani miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati aliyoikataa, na miswada hiyo ikasaidia kuhifadhi kazi kama Utendi wa Tambuka. Usanifishaji wa Kiswahili uliosimamiwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 uliithibitisha hati ya Kirumi shuleni na ofisini. Hati ya Kiarabu ikabaki misikitini, vyuoni, na katika masanduku ya familia.

Umuhimu kwa mwanafunzi wa Kiswahili

Huenda ikaulizwa: je, kuna faida gani kujifunza hati ambayo haitumiki tena ofisini? Jibu limo katika mfano wa bata, pata na mbata. Kila utenzi wa kale ambao mwanafunzi anausoma leo kwa herufi za Kirumi umepitia mkononi mwa mtu aliyeamua kwamba bee hii ni /p/ wala si /b/, na kwamba kasra hii ni /e/ wala si /i/. Huo ni uamuzi wa kihakiki. Asiyeijua hati ya asili hana uwezo wa kuupima; analazimika kuukubali tu. Miswada imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, London na Hamburg, na baadhi yake inapatikana kwa picha kwenye intaneti. Kinachopungua si miswada bali wasomaji wake.

Aidha, msomaji wa miswada huijua kazi yake vizuri zaidi akiwa amewahi kushika kalamu. Aliyechonga tete anaelewa kwa nini wino hufifia mwishoni mwa neno na kuiva mwanzoni mwa lifuatalo. Aliyenakili ukurasa mzima anajua ni wapi jicho huruka mstari, na kwa hiyo anaweza kushuku ubeti uliopungua.

Hitimisho

Imeelezwa kwamba mwandiko wa pwani ni sanaa yenye zana, vipimo na adabu, na kwamba pia ni ufunguo wa fasihi andishi ya kale ya Kiswahili. Huko Kyoto, mgeni asiyejua hata neno moja hukabidhiwa brashi kabla ya kuonyeshwa bustani. Mwanafunzi wa Kiswahili anayezuru Gedi na Mnarani tayari anaijua lugha. Anachokosa ni kalamu na mwalimu. Walimu hao bado wapo katika vyuo vya Kurani vya pwani, ingawa daftari na kalamu ya risasi vimechukua nafasi ya ubao na tete katika vyuo vingi. Idara za Kiswahili na vyama vya wanafunzi vina uwezo wa kuwaendea kwa heshima na kuomba kufundishwa. Herufi 28 na alama tatu zinaweza kujifunzwa katika muhula mmoja. Kuusoma mswada kwa ufasaha kutadai miaka, na miaka hiyo haina budi kuanza mapema.