Hikaya za Ikulu, Toka China Hata Unyanyembe

Katika dola ya China ya zamani, ambamo kila nasaba ya wafalme iliyotwaa enzi iliandikisha taarikhi rasmi ya nasaba iliyoitangulia, palikuwapo kando ya majalada hayo mazito kitabu cha namna nyingine, kisichoamriwa na mtu wala kufuata mpango. Mtu msomi, aghalabu mtumishi wa serikali, aliandika aliyoyasikia barazani na aliyosimuliwa na wageni: mzaha wa waziri, ada ya arusi ya jimbo fulani, ndoto, dawa, bila kujali lipi litangulie na lipi lifuate. Wachina huyaita maandishi hayo biji.

Ouyang Xiu, aliyeishi karne ya 11, alikuwa bingwa wa kazi zote mbili, maana alishiriki kuitunga taarikhi mpya ya nasaba ya Tang, tena akaacha kijitabu cha hikaya za barazani mwa mfalme. Humo mna kisa cha Chen Yaozi, bwana mkubwa aliyejivuna kwa shabaha ya upinde, na mzee muuza mafuta aliyemtazama akilenga asimpe sifa ila kutikisa kichwa kidogo. Bwana alipoghadhibika, mzee aliiweka sarafu yenye tundu juu ya kinywa cha kibuyu, akamimina mafuta kwa upawa yakapita tunduni pasipo kuilowesha sarafu, akasema kuwa hilo nalo ni mazoea tu. Taarikhi rasmi isingempa nafasi muuza mafuta.

Mwingine ni Duan Chengshi, mwana wa waziri mkuu, aliyefariki mwaka 863. Katika mkusanyo wake, ambamo twapata habari ya mtu aliyejichanja mwili mzima mashairi ya Bai Juyi, imo pia nchi aiitayo Bobali, ambayo wataalamu wengi huitambua kuwa pwani ya Berbera, huko Somalia. Watu wake, asema, hawajui nafaka, hula nyama, hutoboa mishipa ya ng'ombe wakanywa damu kwa maziwa, na bidhaa zao ni pembe za ndovu na ambari. Habari hizo alizipata kwa masikio, si kwa macho. Lakini mtu aliyeishi na wafugaji wetu hatasema kuwa msimulizi wake alikuwa mwongo.

Msomaji wa Cheyo, ambaye mtaa wake umo katika mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, asidhani kuwa hazina ya namna hii ni ya Wachina peke yao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ndiye Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, na Mjerumani Heinrich Brode akayachapisha mnamo miaka ya 1902 na 1903. Baba yake alikaa Unyanyembe, utemi uliouzunguka mji huo, akamwoa Karunde binti wa mtemi Fundikira. Kwa hiyo mambo ya ikulu yalikuwa kwake mambo ya nyumbani. Asimulia jinsi Mnywa Sele alivyorithi utemi, akagombana na Waarabu kwa sababu ya ushuru, nao wakamwinua Mkasiwa mahali pake. Kisa kinachonipendeza zaidi ni cha mbali, magharibi ya Ziwa Tanganyika. Tippu Tip alikuwa amepata habari kwamba dada wawili wa mtawala Kasongo Rushie walichukuliwa mateka zamani. Basi akajinadi kuwa ni mjukuu wa mmoja wao, na mzee yule akamsadiki, akamwachia utawala wa nchi. Hila hiyo aieleza mwenyewe, bila haya! Tusisahau, hata hivyo, kuwa msemaji ni tajiri wa pembe na mtwaa watumwa, na kwamba wapagazi waliobeba mali yake hupita kitabuni aghalabu bila majina.

Upande wa desturi, mwenzi wake ni Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, chaeleza uzazi, jando, arusi, ngoma, pepo na ada za majumbe kwa utulivu wa mtu asemaye ya kwao.

Yaliyopungua ni ya upande wa pili: Unyanyembe kama ilivyoonwa na jamaa za ikulu na wajukuu wa wapagazi. Nawasihi walimu na vijana wa Cheyo, na kila aliye na mzee nyumbani, wachukue daftari waandike lolote litakalosimuliwa, liwe dogo namna gani, pamoja na jina la msimulizi, mahali na tarehe, wala wasingoje mpaka liwe na mpangilio.