Tumbusi na Glaida: Kupanga Bawa kwa Kadiri ya Mwendo

Bute, katika Kaunti ya Wajir, ni nchi kavu ya wafugaji, karibu na mpaka wa Ethiopia. Huko, jua likiisha kupanda na ardhi ikapata moto, hewa iliyo juu yake huwa nyepesi, ikapaa kama moshi. Tumbusi huingia katika hewa hiyo, akazunguka pasipo kupiga mabawa, hata akaonekana kama nukta tu. Kisha huteremka polepole kuelekea mbali, mpaka aipate hewa nyingine ipandayo.

Eropleni isiyo na injini, iitwayo glaida, husafiri kwa njia iyo hiyo. Glaida nyingine zina vibao nyuma ya mabawa, viitwavyo flapu, ambavyo rubani huviinua na kuvishusha. Yafaa ijulikane kazi yake ni nini.

Bawa lililopindika sana hubeba uzito vyema katika mwendo wa polepole, lakini katika kasi huzuiwa mno na hewa. Kwa hiyo rubani anapozunguka katika hewa ipandayo hushusha flapu, apate kwenda polepole na kuzunguka mahali padogo. Akitaka kufika mbali bila kupoteza kimo kingi, huziweka sawasawa na bawa. Akienda kasi, hasa apitapo penye hewa ishukayo, huziinua kidogo. Mwendo huchaguliwa kwanza, na flapu hufuata. Ikiwa hewa ipandayo mbele yatarajiwa kuwa na nguvu, rubani huongeza mwendo, kwa kuwa kimo atakachopoteza atakirudisha upesi. Ikiwa ni dhaifu, huenda taratibu. Tena kila hali ya flapu ina kikomo chake cha mwendo. Kuzishusha sana katika kasi kubwa kwaweza kuharibu bawa.

Tumbusi hana flapu, bali hupanga bawa zima. Akienda polepole hulitandaza na kutanua mkia. Akienda kasi hulikunja kidogo. Mtaalamu Mwingereza Colin Pennycuick aliwafuata ndege hao katika Afrika ya Mashariki kwa glaida yenye injini ndogo, na mwaka 1972 alitangaza aliyoyaona.

Lakini ufundi huo haumwokoi tumbusi na sumu. Tangu mwaka 2015 tumbusi wa mgongo mweupe na tumbusi wa Rüppell wamehesabiwa kuwa katika hatari kubwa sana ya kutoweka. Wafugaji wengine hutia sumu katika mzoga ili kuua simba au fisi. Tumbusi huangaliana angani. Mmoja akishuka, wengine humfuata kutoka mbali, na mzoga mmoja huwaua wengi pamoja. Hasara ya mfugaji ni ya kweli, lakini sumu hairudishi ngamia aliyeliwa. Boma imara la miiba na mchungaji aliye macho hulinda mifugo, na tumbusi aliye hai huondoa mizoga malishoni bila kudai ujira.