Bei ya ploti ikipanda, nani ametajirika? (Uzi)

Kila msimu wa siasa huku Ukambani lazima utasikia mtu jukwaani: "Angalieni bei ya mashamba, haya ndiyo maendeleo!" Mimi nikisikia hivyo nashika mfuko. Wacha niwaeleze.

Mnakumbuka Konza. Serikali ilinunua ekari 5,000 pale Malili, Makueni, na Januari 2013 ujenzi ukazinduliwa. Jiji la teknolojia. Mabroka wakajaa Mombasa Road. Na mimi nikachukua mkopo wa sacco, nikanunua 50 kwa 100. Kujenga? Sikuwa na hiyo mpango. Nilikuwa nangoja mtu wa kumuuzia bei ya juu, na huyo naye angengoja mwingine.

Hilo ndilo puto, wadau. Bei haipandi kwa sababu ya kodi ambayo nyumba italeta, inapanda kwa sababu sote tunaamini itapanda. Jiji likachelewa miaka na miaka. Bei haikuanguka kwa kishindo, wanunuzi walipotea tu. Mkopo haukupotea. Nililipa miaka minne, na karo ya watoto ikawa ya kuungaunga.

Kitui ilikuwa sura nyingine. SEKU ilipopata hati ya chuo kikuu 2013, watu walijenga vyumba vya wanafunzi kule Kwa Vonza. Hapo angalau wapangaji walikuwa wa kweli. Lakini Machi 2020 korona ikafunga vyuo vyote. Vyumba vitupu, na mwenye kukopesha bado anadai.

Sasa sikieni hapa, maana ndipo wanasiasa huruka. Hasara haiishii kwa landilodi. Mjengo ukisimama, fundi anakaa, lori la mchanga linapaki, mama wa muthokoi anapika nusu sufuria.

Marekani 2008 benki kubwa zilianguka kwa sababu ya mikopo ya nyumba. Kwetu mikopo hiyo ya benki ni kama 30,000 tu nchi nzima. Wengi wetu tunajenga kwa akiba, sacco na chama, jiwe kwa jiwe. Kwa hivyo puto likipasuka hakuna benki inayofungwa wala kichwa cha habari. Ni familia inakula hasara kimyakimya, na takwimu haimwoni mtu.

Kwa hivyo akisema bei imepanda, muulize: nani anapanga hizo nyumba, na kwa mshahara gani?

Ploti yangu bado iko, ina miiba. Juzi broka amenipigia, eti bei inarudi juu. Nikamuuliza kama yeye mwenyewe ananunua. Akasema laini inakatikakatika.