Mtoto na tramu: Mzazi, usidanganywe na ukimya wake

Kwa mzazi aliyekulia kwenye daladala au matatu, muungurumo wa injini ndiyo dalili ya kwanza ya hatari barabarani. Tramu haina muungurumo huo. Inaendeshwa kwa umeme, inapita njia moja na magari, na mtoto anaweza kushuka barabarani bila kujua kuwa iko nyuma yake.

Portland, nchini Marekani, ilizindua tramu za kisasa za aina hii mwaka 2001. Seattle ikafuata mwaka 2007, na Kansas City mwaka 2016. Familia zina sababu ya kuzipenda: sakafu iko chini, karibu usawa na kituo, hivyo kigari cha mtoto huingia bila kubebwa. Kansas City hata nauli hailipwi.

Lakini tramu haiwezi kukwepa. Mtoto akichomoka ghafla, dereva wa gari anaweza kukata kona. Dereva wa tramu hana usukani, ana breki tu. Tena gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi la mpira juu ya lami.

Hatari nyingine iko chini. Pembeni mwa reli kuna mfereji mwembamba unaoweza kunasa tairi la baiskeli au gurudumu dogo la kigari. Mvua ikinyesha, reli huteleza.

Mzazi anaweza kumfundisha mtoto mambo haya:

• Vua spika za masikioni kabla ya kuvuka. Angalia pande zote mbili na usikilize kengele.

• Vuka kwenye kivuko tu. Usipite mbele wala nyuma ya tramu iliyosimama, kwani huficha gari linalokuja.

• Ukiwa na baiskeli, katiza reli ukiwa umenyooka, usiifuate sambamba. Kama huna uhakika, shuka uisukume.

• Ndani ya tramu, kaa au shika nguzo. Gari likiingia mbele yake ghafla, breki hupigwa kwa nguvu. Kigari cha mtoto kifungwe breki.

Maneno pekee hayatoshi kwa mtoto mdogo. Mpeleke kwenye kivuko anachotumia kwenda shule, mvuke pamoja mara kadhaa, kisha mwache yeye akuambie lini ni salama kuvuka. Hadi atakapopatia kila mara, mshike mkono.