Unaipenda lavenda? Punguza maji, bibie!

Wiki hii sina habari za mitindo wala za mapenzi, nina kesi ya mauaji. Nimeua lavenda mbili, na ya kwanza nilipewa na shangazi yangu.

Shangazi anaishi Lushoto. Huko milimani baridi yake ni ya kujifunika blanketi, na lavenda imejipanga mbele ya nyumba na maua yake ya zambarau. Ukipita ukaigusa kwa gauni, unanukia hadi jioni. Akanichimbia mche, nikaupakata kwenye basi mpaka Dar. Wiki tatu nzima niliulea kama mtoto mchanga: maji asubuhi, maji jioni, na samadi juu. Wiki ya nne majani ya chini yakawa njano, mmea ukasinyaa. Mimi huyo, nikaongeza maji. Kwisha habari.

Wa pili nilinunua kwa wauza miche wa kando ya barabara, kwa hela ambayo ingenitosha nauli ya wiki nzima. Ukafa vilevile, tena upesi zaidi.

Kumbe hapo ndipo wengi tunapochemsha. Asili ya lavenda ni nchi za Bahari ya Kati, kama vile kusini mwa Ufaransa, kwenye miteremko ya mawemawe ambako wakati wa joto mvua ni ya kutafuta. Yale majani membamba yenye rangi ya majivu yana vinyweleo vya kuzuia maji yasipotee. Mizizi ikikaa kwenye tope inaoza, na ikishaoza haiwezi kunyonya maji, ndiyo maana juu mmea unasinyaa kama wenye kiu. Wewe unauonea huruma, unaumwagia tena! Kabla hujashika kopo la maji, chomeka kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka zako. Na kama mmea umesinyaa huku udongo umelowa, ung'oe, kata mizizi iliyokuwa myeusi na laini, uupande upya kwenye udongo mkavu wenye mchanga. Ukiwahi, unaweza kupona.

Chungu cha udongo wa mfinyanzi ni bora kuliko ndoo ya plastiki, maana kinapumua. Kiwe na matundu chini, na sahani ya kukingia maji itupe mbali. Changanya udongo na mchanga mnene nusu kwa nusu, ongeza kokoto ndogo. Samadi achana nayo. Ukiishibisha, inatoa majani tele na maua ya kuhesabu. Jua ipate si chini ya saa sita kwa siku, kwa hiyo mambo ya kuipanga juu ya meza ya sebuleni pembeni ya redio ni kuitesa tu.

Sisi wa Pwani tuna shida nyingine, hewa yenyewe ina maji. Ukipata ile aina yenye majani ya meno meno pembeni, chukua hiyo, inavumilia joto kuliko ile ya Kiingereza inayopenda baridi. Usiibananishe na maua mengine, upepo upite. Masika ikianza, Machi hadi Mei, isogeze upenuni mvua isiifikie.

Maua yakiisha, kata theluthi ya sehemu ya kijani. Usishuke mpaka kwenye mti mkavu usio na majani, hapo haichipui tena. Vijiti ulivyokata usitupe. Chagua visivyo na ua, vya urefu wa kidole, toa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu kidogo, kivulini. Baada ya mwezi hivi utaona mizizi.

Halafu kuna wanaosema eti lavenda ikikaa dirishani mbu hawaingii. Jamani! Mmea uliosimama kwenye chungu haukukingi na malaria. Chandarua kiendelee kuning'inia.

Mche wangu wa tatu una miezi mitano sasa na umetoa vichwa vinne vya maua. Shangazi anakuja Desemba. Ameuliza kwenye simu kama mche wake unaendelea vizuri, nikamjibu unaendelea vizuri sana, shikamoo shangazi.