Bandugu, mbele ya kununua turi muangalie chini yake

Bandugu, kila mara munaniuliza: «Wewe ulimaliza agronomi, unatafuta nini mu mambo ya chuma?» Leo nijibu vizuri, juu wengine kati yenu banataka kutia pesa ya likelemba mu atelye ndogo, na sipendi mulipe ile tulilipa siye.

Tulianza na masini ya kusaga mahindi, batu bane, hapa Panda. Mwaka wa kwanza aksi ilivunjika. Tulizunguka siku tano, masini imelala, bamama banapeleka mahindi yao kwingine. Mwisho muzee moja, pansionne, alitutengenezea aksi mpya asubuhi moja ku turi ya rafiki yake. Pesa yenye tulilipa ilitufungua macho. Huku kuko masini za kusaga, pompi, baro za soudeur, malori. Vyote vinazunguka, na kitu chenye kinazunguka siku moja kitakwisha.

Tena tuko Panda! Ateliers Centraux ya Gécamines iko hapa. Mule njo bazee wetu balijifunza kukereza chuma, kuyeyusha, kurekebisha vipande vya mikodi yote. Mu 2003 batumishi zaidi ya 10.000 ba Gécamines balitoka na ile programu ya «départs volontaires», na bengine bao balikuwa mafundi ba turi na frezezi. Ujuzi uko mu maparsele yetu, unazeeka pole pole.

Kwa wenye hawajue: turi, ile vitabu vinaita kerezo, inazungusha kipande cha chuma, kisu kinakata kikienda kando yake. Inatoa vitu vya mviringo: aksi, bushi, vis. Frezezi ni kinyume: kisu njo kinazunguka, kipande kimefungwa ku meza. Inatoa uso wa kunyooka, mufereji wa klaveti, meno ya pinyo. Kama pesa ni kidogo, anza na turi. Kazi nyingi za mutaa ni za mviringo.

Kuangalia mbele ya kulipa

Turi yetu ya kwanza ilikuwa na rangi mpya, inang'aa. Rangi ilitudanganya. Muuzishaji alituonyesha moteri inazunguka, tukapiga makofi. Hatukuangalia reli, zile njia za chuma zenye gari la kisu linatembelea. Pale karibu na mandrini, mahali kazi inafanyika kila siku, reli zilikuwa zimekulika.

Muzee alitufundisha kipimo, ila tulikuwa tumekwisha kulipa. Peleka gari karibu na mandrini. Kaza kidogo ile vis ya kulifunga, mupaka usikie linakuwa nzito. Kisha lisukume polepole kuelekea kontrapwenti, kule mwisho. Kama linakwama kule, reli ya karibu na mandrini imekulika, juu ile ya mwisho iko bado nene. Nati ya vis ya gari ikiwa na mchezo, si shida kubwa, unatengeneza ingine. Reli yenye imekulika ni pesa ya kurektifye, na masini ya kuirektifye ni ngumu kupata.

Angalia tena haya:

1. Mandrini: sukuma juu na chini na kipande cha mbao, komparateri ikiwa imegusa mwisho wa aksi yake. Sindano ikiruka sana, rulema zimechoka.
2. Zungusha kila vitesi, sikiliza meno.
3. Vis ya kukata filete: ni ya milimetre ao ya inchi? Kama ni inchi, uliza pinyo ya meno 127, juu inchi ni milimetre 25,4, na 127 njo inabadilisha moja kuwa ingine bila makosa.
4. Vifaa: mandrini ya meno tatu na ya meno ine, lineti, kontrapwenti. Bila hivi turi ni nusu tu, na kununua kimoja kimoja kunakula mufuko.
5. Moteri: soma sahani yake. Turi kubwa ni fazi 3, 380 V. Parsele nyingi ziko na fazi 1. Ile moteri ya 60 Hz, hapa kwenye 50 Hz, itazunguka polepole, sehemu moja juu ya sita inapotea.

Kuisimamisha

Hapa njo tuliumia zaidi. Turi ya metre moja ni zaidi ya tani moja, na uzito wake uko juu. Ikiinama, hakuna mutu wa kuishika. Ifunge chini, tia mabomba ya chuma ya kuisukuma juu yake, mutu asikae upande inaweza kuangukia.

Tuliiweka ku sakafu ya zamani, nyembamba, na tukaanza kazi kesho yake. Aksi ya kwanza tulikereza, upande moja ilikuwa inazidi upande mwingine kwa milimetre 0,12. Rulema ilikataa kuingia. Mteja alituangalia, hakusema neno, akaenda. Muzee alipofika hakugusa kisu. Aliinama, akaangalia miguu ya masini, akacheka: «Bana, mulikosea chini, munatafuta juu.»

Chuma inaonekana ngumu, lakini kitanda cha turi kinapinda kidogo kama mguu moja uko chini kuliko ingine. Njo maana sakafu inafaa kuwa betoni ya kweli, ikauke siku 28, kisha masini ikae ku miguu ya vis. Tia nivo ya fundi, ile ya kuonyesha milimetre 0,02 kwa metre moja, kuvuka reli ku mandrini na kule mwisho.

Kisha kipimo cha pete mbili. Funga chuma cha duara ku mandrini tu, bila kontrapwenti, acha centimetre kama 20 nje. Achia pete mbili, moja karibu, moja mwisho. Kata zote mbili bila kugusa kisu, pima na mikrometa. Kama pete ya mwisho ni nene, inua mguu wa mbele wa upande wa kontrapwenti, kidogo kidogo. Kata tena, pima tena. Siye ilituchukua siku mbili.

Frezezi nayo ina kipimo chake: funga komparateri ku kichwa, izungushe na mukono juu ya meza. Sindano isome sawa pande zote. Kama hapana, uso utatoka na bonde.

Umeme: fazi moja ikikatika, moteri inanguruma, inapata moto, inaungua. Rele ya fazi inauzishwa bei ndogo kuliko kubobina. Na mbele ya kuanza, hakikisha moteri inazunguka upande wake. Ikirudi nyuma, geuza waya mbili za fazi.

Mwisho, glove hapana, mikono mirefu hapana, na ufunguo wa mandrini usiache mule hata nukta moja.

Bandugu ba agronomi munajua: mbegu nzuri mu udongo mubaya haitoi kitu. Masini iko vile. Bajeti ya sakafu, umeme na nivo itoke mu mufuko mbele ya bajeti ya rangi. Na mbele ya kulipa, peleka muzee moja mwenye alitumika ku atelye, mulipe siku yake. Siye tulimuita nyuma, ikatugharimu mara mbili.

Ule muzee sasa anakuja kila siku ya ine kufundisha vijana babili. Kama uko Likasi na unataka kuona kipimo cha pete, niandikie, njoo na kitabu cha kuandika.